Kiwayu Haina Mnunuzi

Siku moja ya kusi, ami yangu aliketi ufuoni Kiwayu, redio ya betri sikioni, akisubiri habari za bahari. Watangazaji wawili huko Nairobi walikuwa wakibishana kama mume ana haki ya kupekua simu ya mkewe. Ami akazima redio, akatazama mawingu, akasukuma mashua. Alirudi salama, ila redio haikuwa na mchango wowote.

Eti mawimbi yalifunguliwa. Kweli. Hadi miaka ya 1990 nchi nzima ilisikiliza sauti moja ya serikali: Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia hewani Nairobi, na wengine wakafuata. Enzi ile siililii. Taarifa ya habari ilianza na alikokwenda rais, ikaishia na alichokisema. Nani anaitaka tena?

Lakini mlango ulifunguliwa kwa nani? Redio ya biashara haiuzi vipindi. Inamuuzia mwenye tangazo masikio yetu. Masikio ya Nairobi yananunua bima, sabuni na kubeti. Ya Kiwayu, kisiwa cha wavuvi kule mwisho wa visiwa vya Lamu, yananunua nini? Kwa hesabu hiyo sisi hatupo. Hakuna anayetukataza kusema, ila hakuna anayelipwa kutusikiliza.

Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa kafyu. Kwa mvuvi wa usiku, hiyo ni habari ya riziki: inaanza saa ngapi, inaisha lini, bahari nayo imo? Kwetu ilifika kwa mdomo, kila mashua na toleo lake.

Najua utaniambia: si kuna intaneti, fungueni podikasti! Mimi niliyeacha chuo naishi kwa kuandika mtandaoni, kwa hivyo sihitaji kuhubiriwa. Lakini bando huisha, na ukitoka baharini kidogo mtandao nao unakuaga. Redio ya betri haikuulizi salio.

Wala usiseme haiwezekani. Idara ya Hali ya Hewa iliwahi kusaidia kuanzisha redio ndogo kama za Kangema, Budalang'i na Kwale, ili watu wapate utabiri kwa lugha wanayoielewa. Kanuni za utangazaji za 2009 nazo ziliitambua redio ya jamii. Sawa, lakini kutambuliwa hakununui mtambo. Mlingoti jitafutie, umeme jitafutie, na mfadhili akiondoka, kimya.

Pesa zipo. Chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kuna mfuko wa huduma kwa wote, unaochangiwa na wenye leseni, na umeshajenga minara ya simu mahali ambapo kampuni hazikuona faida. Mantiki hiyohiyo ifike kwenye redio. Mawimbi ni mali ya umma. Anayevuna kwayo mjini amlipie anayeishi pasipo na soko. Huo si msaada, ni kodi ya pango.

Tupeni mtambo mdogo tu. Saa ya kwanza tutatangaza upepo, maji na bei ya kamba. Saa ya pili tutabishana kuhusu simu za wake na waume. Ila kwa Kibajuni, na kuhusu watu tunaowajua.