Mistari ya Chui Inapofutika

Jumapili moja jioni simu yangu ililia nikiwa mezani. Alikuwa mpwa wangu wa miaka tisa, mwana wa dada yangu anayeishi Uingereza. "Shikamoo, mjomba. Chui anafutika!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekwisha kulia.

Usishtuke, msomaji. Chui huyo si mnyama wa Tsavo. Ni mjusi mdogo ambaye kijana huyo alinunuliwa na babake alipofaulu mtihani. Huko ng'ambo watoto wengi hufuga mijusi wa aina hii jinsi sisi tunavyofuga paka, nao huitwa kwa jina la chui kutokana na madoa yao.

Chui aliletwa nyumbani akiwa na mikanda myeusi na ya manjano, mizuri kama ya khanga mpya. Miezi sita baadaye mikanda ile ilikuwa imekatikakatika, imebaki madoa tu. Mtoto akaamini rafiki yake anakufa. Dada yangu naye, ambaye kama mimi alilelewa Mombasa, mahali ambapo mjusi kafiri hufukuzwa kwa fagio, aliona heri mnyama huyo arudishwe dukani kabla hajawaletea maradhi.

Nakiri, karibu nimwambie kijana akalale, mjusi ni mjusi tu. Lakini kilio cha mtoto hakipuuzwi. Nikaahidi kuuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Asili ya mjusi huyu ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Hafanani sana na yule wa dari zetu. Ana kope za kufumba macho na vidole vyake havinati ukutani, kwa hiyo hutembea chini. Mkia wake ni mnene, nao ndio ghala lake la mafuta kwa siku za njaa.

Mtoto wake huzaliwa na mikanda. Kadiri anavyokua, mikanda hupasuka na kuwa madoa, na kabla ya mwaka wa pili huwa amepata sura ya utu uzima. Kwa hiyo Chui hakuwa mgonjwa. Alikuwa anabaleghe!

Vivyo hivyo, usihofu ukimwona amepauka ghafla kama aliyepakwa unga. Huyo yuko karibu kujivua gamba. Mdogo hufanya hivyo kila wiki moja au mbili, kisha hulila gamba lenyewe.

Basi nikampigia dada yangu kumtuliza. Hata hivyo, nilimwomba jambo moja: awashe tochi, atazame vidole vya mjusi kimoja baada ya kingine. Alinung'unika, lakini akatazama. Kumbe vidole viwili vya mguu wa nyuma vilikuwa vimefungwa na pete za gamba kavu, na kimoja kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi.

Hapo ndipo penye hatari, msomaji. Gamba lisipotoka lote, hukauka na kubana kama uzi uliofungwa kidoleni. Damu haipiti, na kidole huoza na kukatika. Gamba pia husalia kwenye ncha ya mkia na kando ya macho. Aghalabu chanzo ni sanduku kavu mno. Mjusi huyu, ingawa ni wa nchi kavu, anahitaji kijipango chenye unyevu, kwa mfano kikopo chenye tundu na karatasi laini iliyoloweshwa, ajifiche humo anapojivua.

Dawa ya kwanza ni maji ya vuguvugu, kina chake kisipite tumbo lake, kwa dakika 15 hadi 20. Kisha gamba lisuguliwe taratibu kwa kijiti cha pamba. Usilivute kwa nguvu. Likikataa, au kidole kikiwa cheusi, mpeleke kwa daktari wa wanyama bila kungoja kesho.

Mzazi mwenye mtoto anayefuga mjusi huyu ajue dalili nyingine pia. Mkia ukikonda ilhali anakula, au asipokula kabisa, huenda ana vimelea tumboni. Miguu ikipinda na taya likilegea, amekosa madini ya kalsiamu na vitamini D3. Ndiyo maana nyenje anaolishwa hupakwa unga wa madini hayo.

Kuna na uzuri wa mkakasi. Wafugaji wa ng'ambo wamezalisha mijusi wa kila rangi. Aina moja iitwayo Lemon Frost, yenye weupe na umanjano wa kung'aa, ilipendwa sana. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walieleza kwamba weupe ule huandamana na uvimbe wa saratani ngozini, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mijusi hao hupatwa nao. Aina nyingine, Enigma, ina madoa ya kuvutia, lakini wengi wao huinamisha kichwa upande, huzunguka mahali pamoja na kukosa shabaha wanapomrukia mdudu. Anayenunua kwa macho tu humnunulia mtoto wake msiba.

Na dada yangu hakukosea kabisa kuhofia maradhi. Mijusi hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika, na walio chini ya miaka mitano wasimshike. Huku kwetu, tusiwaruhusu watoto kukamata mijusi wa porini kwa kuiga. Sheria ya mwaka wa 2013 hairuhusu kufuga wanyamapori bila kibali cha KWS.

Chui alipelekwa kwa daktari asubuhi iliyofuata. Ncha ya kidole kimoja ilikatika, lakini cha pili kilipona. Siku hizi ana kikopo chake chenye unyevu, na kila Jumamosi mama na mwana huketi pamoja na tochi kumkagua. Dada yangu haongei tena habari ya kumrudisha dukani.

Mtoto alilia kwa sababu isiyokuwa sababu, wazazi wenzangu. Lakini kama asingelia, hakuna mtu mzima ambaye angeinama kutazama vile vidole. Mwanao akikujia na hofu unayoiona ya kipuuzi, kabla hujamcheka, washa tochi.