GARI INAGONGA MBELE, NA MAMA ANA WIKI 37

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea miguu ya mbele ya gari. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, nesi na gereji wapi na wapi. Nisomeni mpaka mwisho.

Msimu wa mvua uliopita, saa 8 usiku, tulikuwa tunamsubiri mama wa uzao wa nne kutoka kijijini. Simu ilishapigwa kwamba wametoka, wako na gari ya shemeji yake, ile gari ya juu ambayo kijiji kizima wanaisifia. Ni mwendo wa dakika 40. Ikapita saa nzima, zikapita mbili, simu haipatikani.

Alifika alfajiri kwa bodaboda, kakaa katikati ya dereva na mama mkwe, mtoto kashazaliwa njiani, kafungwa kwenye kitenge. Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka. Mama anavuja damu, mikono ya baridi. Tulimpata, na mtoto tukampata. Nasema "tulimpata" kwa sababu ilibaki kidogo sana tumkose.

Shemeji alikuja asubuhi kwa miguu, matope mpaka magotini. Akasema wakati wanavuka korongo, tairi ya mbele kushoto ililala ubavu, boljointi ya chini imechomoka. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Nesi, ilikuwa inagonga tangu mwezi wa tisa."

Tangu mwezi wa tisa, jamani. Mimba nzima gari inasema, na hakuna aliyeisikiliza.

SEHEMU YA 2

Sikuishia hapo. Nilienda kwa fundi mmoja hapa Tabora mjini nikamwambia anifundishe kama anavyomfundisha mwanafunzi wake. Nawapa nilichoelewa.

Kwanza, gari kuwa juu siyo kuwa imara. Hadtopu, zile Land Cruiser tunazozijua kwa ambulansi, ekseli yake ya mbele ni moja nzima toka tairi hadi tairi. Gari nyingi za kifamilia, mfano RAV4, kila tairi ya mbele inaning'inia kwenye mkono wake. Mkono una bushi za mpira, una boljointi, kuna na shokapu. Ndiyo maana ukikaa unasikia raha. Lakini kila kiungo ni sehemu ya kulika.

Pili, mbele ndiko kwenye kazi. Injini iko mbele. Ukikanyaga breki uzito wote unakimbilia mbele. Na tairi za mbele ndizo zinazokata kona.

Tatu, huku kwetu. Lami tunayo, ya kwenda Nzega tunayo, ya Sikonge tunayo. Lakini ukiacha lami ukaingia vijijini, unakutana na ile barabara iliyojikunja kama bati. Kila bonde ni kipigo kwa bushi. Kiangazi vumbi, na jua linakausha mpira. Ikifika Novemba mvua zinaanza, mpaka Aprili ni matope na makorongo. Kile kifuko cha mpira kinachofunika boljointi kikichanika tu, maji na mchanga vinaingia, grisi inatoka, chuma kinasagana na chuma. Kiungo kilichotakiwa kudumu miaka kinaisha mapema.

Na mzigo sasa! Mchana gari hiyohiyo imebeba magunia na ndoo za asali, usiku inabeba mjamzito.

Sisi ni watu wa njia. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakibeba mzigo wa kama kilo 30 kila mmoja, kutoka huku Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi njiani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndiyo mzigo ukaanza kushuka mabegani. Mpagazi aliyeumia mguu alijulikana, maana anachechemea mbele ya wenzake. Gari nayo inachechemea. Sisi tunaongeza sauti ya redio.

SEHEMU YA 3

Sasa maoni yangu, na mnaruhusiwa kunibishia.

Kliniki tunamwambia kila mjamzito: andaa pesa, andaa kanga na vifaa, andaa mtu wa kukusindikiza na wa kukuchangia damu, andaa usafiri. Tukifika kwenye usafiri tunaandika jina la mwenye gari na namba ya simu, basi. Mimi nasema hayo siyo maandalizi. Gari ambayo hujui miguu yake ni sawa na mchangia damu ambaye hujui kundi lake.

Kuna mama atasema mambo ya gari ni ya baba. Dada yangu, anayepanda siku ya uchungu ni nani?

Kuna baba atasema pesa hakuna. Naelewa, mshahara wangu mnaujua. Ila bushi iliyokufa haikai peke yake. Inakula tairi, inachosha shokapu, inaharibu boljointi. Ukisubiri utalipia vyote kwa pamoja.

Na kuna atakayesema tatizo ni barabara, itengenezwe. Kweli kabisa, na tuendelee kuidai. Lakini mtoto akishageuka kuja duniani hasubiri greda.

Kwa hiyo nyumba yenye mjamzito, au jirani aliyeahidi gari, mimba ikifika miezi saba fanyeni haya:

1. Pita kwenye tuta polepole, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Ukisikia ko-ko-ko mbele, hiyo siyo kawaida.

2. Angalia tairi za mbele. Zikilika upande mmoja, usikimbilie kununua mpya. Uliza kwanza kilichozila.

3. Bonyeza boneti kwa nguvu uachie. Ikipanda na kutulia ni sawa. Ikiendelea kunesa, shokapu zimechoka. Chungulia pia kama zimevuja oili.

4. Kwenye barabara iliyonyooka, usukani ukivuta upande au ukicheza mkononi, nenda gereji.

5. Mwambie fundi apige jeki, ashike tairi juu na chini aitikise. Ikicheza, atafute inapochezea. Na boljointi haichomelewi, inabadilishwa. Ukisikia "tuichomelee kidogo itakufikisha", chukua ufunguo wako uondoke.

Baada ya kubadilisha, pimeni alaimenti. Punguzeni mwendo kwenye mashimo na punguzeni magunia.

SEHEMU YA MWISHO

Yanayonihusu zaidi mimi.

Mama, kurushwarushwa kwenye barabara mbovu kwa kawaida hakutoi mimba iliyo salama, usiishi na hofu hiyo. Cha kuogopa ni ajali na kuchelewa. Pigo la tumboni linaweza kubandua kondo kabla ya wakati, kwa hiyo funga mkanda: wa chini upite chini ya tumbo kwenye nyonga, wa juu upite katikati ya maziwa. Ukigonga tumbo, hata kama husikii maumivu, njoo tukuangalie.

Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, degedege, chupa ikipasuka, au mtoto akiacha kucheza, usisubiri kukuche. Pigeni 115, ni bure, ni namba ya m-mama. Wanapanga ambulansi, na pasipo na ambulansi wanatumia madereva wa jamii. Na wewe dereva wa jamii unayenisoma, kaka yangu, gari yako usiku ule ni chumba chetu cha kujifungulia. Iangalie miguu.

Yule mtoto wa korongoni sasa anakaa mwenyewe. Shemeji amebadilisha pande zote mbili. Wiki iliyopita alinileta mama mwingine, na nilipotoka nje kumpokea, gari iliingia getini kimyakimya.

Leo jioni baba watoto akirudi, msikilizeni anavyopita kwenye tuta la mtaani kwenu. Mtaniambia mlichosikia.