Kijiwe cha Mafundi na Siri za Ofisini

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la fundi simu mmoja pale Tandika, wilayani Temeke, nikisubiri simu yangu iliyogoma kuwaka. Fundi, kijana ambaye nadhani hajafika miaka 30, aliifungua, akaipima kwa mita, akatikisa kichwa. Kisha akaipiga picha bodi yake na kuituma kwenye kundi lao la WhatsApp pamoja na ujumbe wa sauti. Kabla sijamaliza kikombe cha kahawa, jibu lilirudi kutoka kwa fundi wa Mbagala ambaye huyu wetu hajawahi kuonana naye: kuna kifaa kidogo karibu na tundu la chaji ambacho hufa kwenye simu za aina hiyo, kibadilishe. Akakibadilisha. Nilipouliza yule wa Mbagala atalipwa nini, alinitazama kwa mshangao. "Mzee wangu, juzi si mimi niliyemsaidia yeye?"

Jumatatu akanijia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ofisa TEHAMA katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Alinishikia shikamoo, akakaa, akakaa kimya kidogo. Mfumo wao wa hesabu, ulionunuliwa kwa zabuni kutoka nje ya nchi, umegoma kufunga mwezi. Mkandarasi anataka alipwe kwanza ndipo autazame. Na anajua kuwa rafiki yake katika taasisi nyingine alikutana na kosa hilohilo katika mfumo huohuo, akalitatua. Lakini rafiki haruhusiwi kusema. Mkataba unamfunga, na bosi wake amemkumbusha habari za siri za serikali. "Mwalimu," akaniuliza, "nikimpigia simu nitakuwa nimetenda kosa?"

Ndugu msomaji, swali hilo limenikosesha usingizi.

Tabia ya mafundi wa Tandika ina ukoo mrefu. Mwaka 1978, Ward Christensen na Randy Suess wa Chicago, waliofungiwa ndani na theluji, walianza kuunda ubao wa matangazo wa kompyuta: mashine moja iliyounganishwa na waya wa simu, ambayo mwenye kompyuta na modemu aliipigia, akasoma yaliyoandikwa na wengine, akaacha swali lake, akakata. Kompyuta binafsi za siku zile ziliuzwa pamoja na kijitabu chembamba na matatizo mengi. Aliyefanikiwa kuandika programu ya kuipatanisha printa na mashine yake aliiweka ubaoni, na siku nyingine akachukua ya mwenzake. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco akaanzisha FidoNet, iliyoziwezesha mbao hizo kupigiana zenyewe usiku, gharama ya simu ikiwa nafuu, na kupokezana barua zilizokusanywa mchana. Haikuwa pepo. Programu za watu zilinakiliwa bila ruhusa, na virusi vilisafiri kwa njia hiyohiyo. Hata hivyo, kizazi kizima cha watunga programu kilisomea hapo, bila ada.

Sisi wakati huo tulikuwa tumefunga mlango. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Hazina mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine likaharibika na kutugharimu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, pamoja na televisheni. Aliyezihitaji sana aliomba kibali maalumu. Watu hupenda kuicheka amri ile. Mimi siicheki. Mashine ilikuwa ngeni, wataalamu wake wageni, na ilipokosea hapakuwa na Mtanzania aliyeweza kumuuliza Mtanzania mwenzake. Nchi nzima ilikuwa na kompyuta za kuhesabika kwa vidole, kila moja ikiwa kisiwa. Hasira ya Hazina iliangukia mashine, wakati kilichokosekana kilikuwa kijiwe.

Kijiwe kilikuja baadaye, kimyakimya. Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo ziliingia kwa wingi kidogo, hasa kupitia miradi ya wafadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliviunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe kwa teknolojia ileile ya FidoNet. Sekta ya afya nayo ikawa na HealthNet. Mwenzangu mmoja aliyekwisha kustaafu husimulia jinsi walivyongoja mlio wa modemu, laini ikakatika, wakaanza upya. Ukimuuliza walichopata, hataji barua za maprofesa wa Ulaya. Anataja ushauri wa kijana wa Kampala aliyekuwa na modemu mbovu kama yao. (Wataalamu wa lugha nao walikuwa wakibishana iwe tarakilishi au ngamizi. Mafundi waliendelea kusema kompyuta.)

Sasa rudi kwa mwanafunzi wangu. Ana intaneti ambayo watu wa ESANET hawakuiota, na bado ofisi yake ni kisiwa kama Hazina ya miaka ile. Tofauti ni kwamba kisiwa hiki tumekichimbia wenyewe kwa mikataba. Sheria ya Usalama wa Taifa ilitungwa mwaka 1970. Sidhani kuna aliyefikiria siku ile kwamba hitilafu ya kufunga hesabu za mwezi ingekuja kuitwa siri ya dola.

Najua nitakachojibiwa: mifumo ya serikali inabeba taarifa za wananchi, mafundi wa mtaani si mfano. Nakubali nusu. Nywila, majina na mishahara ya watu visitoke ofisini hata kwa bahati mbaya, na atakayevitoa aadhibiwe. Lakini maelezo ya kosa na namna ya kulitibu hayana jina la mwananchi ndani yake. Anayenufaika na kufichwa kwake ni mkandarasi, anayeuza tiba ileile mara mbili kwa serikali ileile.

Wala hatukosi uwezo. Mfumo wa malipo ya serikali, unaotupatia namba ya kulipia kila tunapodaiwa ada au faini, umejengwa na wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe. Ni Hazina ileile. Tangu 2019 tuna pia Sheria ya Serikali Mtandao na mamlaka yake. Basi mamlaka hiyo iwape maofisa TEHAMA mahali pa kuulizana na kujibizana kwa majina yao, bila kuomba kibali kwa kila swali. Mikataba mipya iipe taasisi maandishi ya programu iliyoyalipia. Na saa ambazo ofisa wa Kinondoni amemsaidia mwenzake wa Temeke ziingie kwenye tathmini yake ya kazi, kwa sababu kwa sasa huonekana ametoroka kazini.

Mwanafunzi wangu nilimwambia sijui sheria vya kutosha kumhakikishia usalama, na niliona aibu kusema hivyo. Aliniaga kwa heshima. Mpaka ninapoandika, hajapiga ile simu, na mwezi wao haujafungwa.