Mshahara wa Muuguzi si Sadaka



Binti wa dada yangu alihitimu uuguzi kwa stashahada, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, akaingia kazini katika zahanati moja ya mtu binafsi kando ya barabara iendayo Handeni kutoka Korogwe. Siku ya kwanza aliuliza mshahara wake ni kiasi gani. Akajibiwa: "Binti, uuguzi ni wito. Anza kazi, mengine tutazungumza." Miezi mitatu ikapita bila karatasi yoyote, na kila mwisho wa mwezi hupewa fedha kama mtu anayegawiwa futari.

Sisi tuliozaliwa kwenye mkonge twaijua lugha hiyo. Wakati wa ukoloni wazee wetu walifanya kazi kwa kipande, siku 30 zitimie ndipo mtu alipwe. Lakini kipande kile, pamoja na ubaya wake wote, kiliandikwa. Je, nesi wa leo awe na haki ndogo kuliko manamba?

Aendaye Serikalini hana la kupatana, maana ngazi zimekwisha pangwa: mwenye cheti huanza TGHS A, wa stashahada B, wa shahada C. Huko aangalie tu asiwekwe chini ya elimu yake. Lakini nafasi za Serikali haziwatoshi wahitimu wote. Wengine huenda kwa watu binafsi na mashirika ya dini, na huko ndiko ulimi unakohitajika.

Tena ulimi wenyewe una nguvu ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri aandike cheo, mahali pa kazi, saa na malipo mtu anapoanza kazi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Na kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezwa asilimia 5 ya mshahara. Ni manesi wangapi wanaokesha na wazazi wanaojifungua bila kuijua hiyo asilimia 5?

Twajua zahanati ndogo hazina fedha nyingi. Basi mwajiri asiyeweza kuongeza shilingi juu ya kima cha sheria aseme hivyo waziwazi, atoe chumba, au nauli, nayo yaandikwe. Na binti asiseme "nipe chochote". Ataje kiasi chake, akae kimya, asubiri jibu. Akidhulumiwa, kipo chama cha TUGHE, ipo na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Binti yetu amerudi kwa mwajiri na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Mwajiri amejaza mshahara na saa za kazi. Mstari wa malipo ya usiku ameuacha wazi, na Jumatano binti anaingia zamu ya usiku.