Kabla Utuonyeshe Machweo, Tuonyeshe Chesisi

Wasee, wacha nianze na deni langu.

Mwaka jana niliposti video nimekaa juu ya karia ya gari, jua linazama huko Magadi, vumbi limetulia, muziki uko sawa. Nikaandika: "Acha visingizio. Nunua 4x4, nchi ni yako." Mliipenda vibaya sana. Kitu sikuwaonyesha ni kwamba saa moja baadaye gari ilikuwa imezama kwa tope nyeupe ya chumvi, lever ya 4L imekataa kusonga, na sisi watatu tulilala ndani mpaka asubuhi lori ikatuvuta. Hiyo gari tulichanga laki tano na nusu. Kufikia Krismasi ilikuwa imekula laki tatu zingine. Hiyo sikuposti.

Majuzi msee mmoja wa rika yangu akaniandikia inbox. Aliuza nduthi yake ya kazi, akaongeza mkopo wa sacco, akanunua 4x4 kuukuu juu ya ile video. Sai ni mwezi wa tatu iko kwa fundi. Hakunitusi. Aliuliza tu: "Bro, yako ilikuwa inakula ngapi kwa mwezi?"

Sikuwa nimewahi kusema. Ndio maana naandika.

Sisi wenye kamera tunawauzia uongo mara tatu. Uongo wa kwanza: kila gari iliyoinuka ni 4x4. Zii. Kuna gari inasukuma magurudumu yote manne lakini haina gia ya chini. Hiyo itakutoa kwa matope ya ocha, sawa, lakini mteremko wa mawe itachoma breki na kupanda itachoma klachi. Gari ya safari ngumu inataka 4L, inataka body iliyokaa juu ya chesisi ya ngazi, inataka nafasi chini ya tumbo. Kibandiko cha "4WD" kwa mlango wa nyuma hakivuti mtu kwa mchanga.

Uongo wa pili: bei ya yadi ndio bei. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ile ngumu ya zamani unayoitamani, kama iliingia kihalali, imeishi hapa hapa miaka mingi. Imevuka mito ya watu wengine. Imebeba mawe ya watu wengine. Broka amepaka chesisi rangi nyeusi inayong'aa, na wewe unaona usafi. Yetu ilipakwa hivyo. Fundi wangu alichokora na bisibisi, bisibisi ikaingia ndani. Tulimwita baada ya kulipa. Hapo ndio ujinga ulikuwa.

Uongo wa tatu ndio mbaya zaidi: ati mtu bila gari yake si msafiri. Leo unatoka Nairobi mpaka Moyale kwa lami, na basi zinaenda. Marsabit hautaki winchi, unataka nauli. Mkitaka kuingia Chalbi, watu watano mnakodisha gari na dereva wa huko, mtu anayejua ile ardhi ngumu ya leo inageuka uji mvua ikinyesha. Hesabu hiyo hamuioni kwa video zetu kwa sababu haipendezi kwa picha.

Angalieni hata Rhino Charge. Iko tangu 1989, na wale wako na mashine za kutisha. Lakini hapo mshindi si mwenye mbio. Ni mwenye amefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine, na mara nyingi kuna mtu anakimbia kwa miguu mbele ya gari akitafuta njia. Mabingwa wenyewe wanashuka kuangalia chini. Sisi tunashuka kupiga selfie.

Najua mtaniambia: "Kwani maskini asiwe na ndoto?" Awe nazo. Nataka tu asiuziwe ndoto iliyooza kwa chesisi. Tajiri akinunua gari mbovu, anapoteza wikendi. Yule msee wa nduthi amepoteza kazi. Ndio maana uongo huu haulingani kwa kila mtu anayeuona.

Kama bado unataka kununua, nunua na macho. Gawanya pesa yako tatu: mbili za gari, moja ya ukarabati, na hiyo ya tatu usiiguse kwa yadi hata ukiambiwa kuna mteja mwingine njiani. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema inaficha moshi. Lala chini na tochi. Gonga chesisi, hasa karibu na magurudumu ya nyuma. Fungua oil ya difu: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yaliingia. Tafuta mahali pa mchanga au changarawe, weka 4H, kisha simama uweke 4L, na uendeshe. Usijaribu kwa lami kavu, kwa gari nyingi za zamani utaumiza giaboksi. Fanya search ya logbook uone kama jina ni la anayekuuzia au kuna benki inaidai. Na fundi awe wako, alipwe na wewe, asijuane na broka.

Broka akikataa ulale chini ya gari, ameshakujibu. Enda nyumbani.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi tunawaonyesha vikielea tu. Kwa hivyo hii ni kwa wenzangu wote wenye ring light na gari ya kuazima: ukiposti 4x4, posti na risiti. Sema ni yako au ya beshte. Sema mafuta ni ngapi, tairi ni ngapi, ulivutwa mara ngapi. Kama hizo zinakuharibia video, basi video yenyewe ilikuwa tangazo na hukutuambia.

Ile yangu sijaifuta. Nimebandika hesabu yote kama comment ya kwanza, kutoka siku tuliyonunua mpaka lori ya Magadi. Na yule msee nimemjibu: ilikuwa inakula zaidi ya kodi yangu ya nyumba. Jumamosi naenda na fundi wangu kuona yake, tujue kama ni ya kutengeneza au ya kuuza vipuri. Nitabeba kamera. Safari hii itakaa chini ya gari.