*MAFUNDI WA KEKO WASITAWANYWE*



Maneno yamezidi vijiweni, mengine yanatoka kwa wenzetu humu humu tawini: kwamba mafundi samani wa Keko wamebanana mno, wanachafua mji, na dawa ni kuwagawa pembezoni. Msimamo wa tawi ni mmoja: *HAPANA.*

Kule kubanana ndiko kunakowapa riziki. Mteja anakuja Keko kwa sababu anajua kitanda akikikosa banda hili, atakipata la pili. Mpeleke fundi mmoja Chanika na mwingine Bunju uone kama mteja atazunguka mji mzima kuwatafuta. Ataingia duka la samani za kutoka nje, basi.

Tazameni kijana anavyoanza. Hana mashine ya kuranda wala ya kukereza. Anapeleka mbao banda la jirani, analipia kazi iliyofanyika, anarudi kuunga kitanda chake. Sponji, vanishi na bawaba viko hatua chache. Jana alikuwa saidia fundi, leo ana banda na saidia fundi wake. Biashara mpya huzaliwa hivyo, si kwa semina. Na hapo hatujawahesabu watu wa guta, wa kirikuu na mama lishe.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge 10% ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vizuri. Lakini ukimkopesha kijana mashine, kisha ukamtenga na wateja, wauza mbao na mafundi wenzake, umempa deni tu.

Wanaosema msongamano una madhara hawasemi uongo. Moto ukizuka banda moja, mengi huungua. Mafundi nao huigana na kupigana bei mpaka faida inakwisha. Lakini dawa ya moto ni njia ya gari la zimamoto, maji na nyaya salama. Dawa ya kupigana bei ni kuungana na kuomba zabuni za madawati kwa pamoja. Kichwa kikiuma hakikatwi.

*Tunadai:*
1. Mafundi wapewe mikataba ya maeneo ya miaka, si ya kuishi kwa hofu.
2. Umeme wa njia tatu, barabara za ndani na maji ya zimamoto.
3. Madawati ya shule zetu yatengenezwe na mafundi wetu.

Kila mwanachama amuulize diwani wake: uko upande gani? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sambaza kwa wajumbe wote.

*Idara ya Uenezi, Tawi*