Bure na huria si neno moja

Walimu wenzangu wa Kiswahili bila shaka wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tukihifadhi msamiati zamani: kadi za karatasi ngumu, neno juu, maana chini, na kijiji cha mzungumzaji pembeni. Katika idara ninayofundisha, wanafunzi wa miaka kadhaa walikwenda pwani wakakusanya istilahi za uvuvi kwa njia hiyo: dema, juya, jarife, mrengu, bamvua na nyingine nyingi. Baadaye tukaona vyema tuziweke kwenye intaneti, ili mwalimu wa Kakamega naye afaidike. Tukaajiri kampuni, ambayo sitaitaja, ikatutengenezea tovuti ya kupendeza. Mkataba ulipokwisha na idara ikakosa fedha za kuuendeleza, tovuti ilizimwa. Tulipodai maneno yetu, tuliletewa faili isiyofunguka ila kwa programu ya kampuni ile ile, nayo programu hiyo hulipiwa kila mwaka.

Sisimulii haya kwa nia ya kulalama. Makosa yalikuwa yetu, kwani mkataba tuliutia sahihi bila kuuliza maneno yangekaa wapi na kwa umbo gani. Ninayasimulia kwa sababu shule na vyuo vingi vingali vinafuata njia hiyo, ilhali njia nyingine ipo, tena imekuwapo tangu miaka ya tisini.

Msomaji asiyezoea mambo ya tarakilishi, au kompyuta ukipenda, avumilie maelezo mafupi. Kuna ukurasa wa intaneti ulioandikwa mara moja ukabaki hivyo hivyo, mithili ya tangazo lililobandikwa ukutani. Kuna na ukurasa unaoundwa papo hapo mtu anapouomba. Kamusi ni ya aina hii ya pili: huwezi kuandaa mapema ukurasa wa kila swali ambalo msomaji ataliuliza. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwa lugha ya fani yetu. Mzungumzaji hana sentensi zote kichwani; ana msamiati na ana sarufi, na sentensi huiunda anapoihitaji. Hifadhidata ndiyo msamiati. Lugha ya programu, kwa mfano PHP, ndiyo sarufi. Apache ndiyo sikio na mdomo, inayopokea swali na kutoa jibu. Linux ni mwili unaovibeba vyote.

Vitu hivi vinne havikuzaliwa katika jumba moja. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Apache ilitokea mwaka wa 1995, pale watu waliokuwa wakitumia programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois walipoanza kubadilishana viraka walivyoitilia. PHP ilitolewa hadharani mwaka huo huo na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ambaye awali alitaka tu kujua ni nani wanaousoma wasifu wake. Hifadhidata ya MySQL nayo ni ya mwaka wa 1995, kutoka Uswidi. Zote zinapatikana bila malipo.

Na hapo ndipo panapoanza matata. Nilipopendekeza katika kikao kwamba tuzitumie, mwenzangu mmoja mwenye busara nyingi alinijibu kwa methali: rahisi inavunja upishi. Simlaumu. Katika Kiswahili neno “bure” lina sura mbili, ya kutolipiwa na ya kutofaa. Mtu akisema amefanya kazi bure, hatujui kama anajisifu kwa ukarimu au anajutia jasho lake. Kiingereza nacho kina mtego wake: neno lao moja hubeba maana ya kutolipiwa na maana ya uhuru pamoja, na Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka wa 1983, amekuwa akieleza kwa miongo kadhaa kwamba yeye anakusudia uhuru, si bei. Sisi hatuhitaji maelezo hayo. Tuna “bure” na tuna “huria”, na ni ajabu kwamba tunalichagua lile linalotudhuru.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadili, kuinakili, na kuwagawia wengine ile uliyoibadili. Ruhusa ya kubadili si porojo kwa watu wa lugha. Ni kwa ruhusa ya namna hiyo kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza, mwaka wa 2004, kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bila ya kumbembeleza mwenye mali.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa MySQL yenyewe. Mwaka wa 2008 kampuni iliyoimiliki ilinunuliwa na Sun ya Marekani kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka wa 2010 Sun nayo ikamezwa na Oracle. Wengi waliingiwa na hofu. Hata hivyo, leseni ilikuwa huria, kwa hiyo mwaka wa 2009 Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alikuwa amekwisha kuichukua programu hiyo hiyo akaiendeleza kando kwa jina la MariaDB. Mwaka wa 2013 Wikipedia ilihamia huko, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka wa 2003. Msomaji wa Kiswahili hakupoteza neno hata moja, na yamkini hakujua kwamba kulikuwa na mabadiliko. Linganisha na dema na jarife zetu.

Nisidanganye kwamba huria haina gharama. Inataka umeme usiokatika ovyo, nakala ya akiba inayowekwa mahali pengine, na mtu wa kusasisha programu kila mara, kwani PHP iliyozeeka ni mlango usio na kufuli. Shule ya kutwa yenye mwalimu mmoja wa tarakilishi haitayaweza hayo peke yake, wala haipaswi kujaribu. Vyuo vikuu havina udhuru huo. KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka wa 1999, huwapa wanachama wake huduma ya kuhifadhi tovuti, na wanafunzi wetu wa sayansi ya tarakilishi hutafuta miradi ya mwaka wa mwisho kila Januari. Kwa nini wasipewe kamusi ya idara jirani?

Kwetu, wawili wamekwisha kupewa. Wametumia tarakilishi kuukuu iliyokuwa imetupwa stoo, wakaitia Linux, Apache, MariaDB na PHP; hatukulipa leseni yoyote. Kadi za zamani tulizipata ndani ya katoni, nyingine zimeliwa na mchwa. Wanafunzi wangu wanayaingiza maneno upya, na kila Ijumaa jioni hifadhidata nzima hunakiliwa katika faili ya maandishi matupu ambayo tarakilishi yoyote inaweza kuifungua. Wiki iliyopita walikuwa wamefika herufi ya M.